Wimbo Niliomtungia Dada Yangu

Kabla ya vita, mji wetu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ulikuwa na vikundi viwili vya wanawake waimbaji, cha mtaa wa juu na cha mtaa wa chini, na mtu akikwambia vilipendana, basi hajawahi kuishi Palma. Tuliimba kwenye harusi, kwenye maulidi na siku ya kumtoa mtoto nje. Tulipiga magoti kwa mstari, kapulana sare kiunoni kama kanga, nyuso tumezipaka rojo nyeupe ya msiro, pembeni matari manne. Mmoja anainua wimbo, wengine wanaitikia. Katika kuitikia kuna sharti moja tu, nalo ni kwamba aliyeinua haachwi peke yake. Akikosea maneno unaitikia hivyo hivyo, akipandisha sauti mno unamfuata huko huko juu, na kusemana ni baadaye, mkishavua sare.

Dada yangu ndiye aliyekuwa akiinua nyimbo za kikundi cha chini. Amenizidi miaka tisa na ndiye aliyenilea, maana mama yetu alikuwa mtu wa njiani, leo Namoto mpakani, kesho ng'ambo Mtwara, anafuata vitenge na sabuni. Dada alinisuka nywele, alinichapa, alinifundisha sala na alinifundisha kuimba. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu. Yangu mimi ni nyembamba na kali, na hasira zangu ni hivyo hivyo. Nayasema haya mapema ili msomaji asinitafutie udhuru huko mbele.

Ugomvi wetu ulianza kwa jambo la kitoto. Dada alikuwa akikohoa sana mwaka ule, akahitaji mtu wa kumpokea anapochoka, na mimi nilijua mtu huyo ni mimi. Akamchagua jirani yetu, mwanamke mpole ambaye sauti yake ni kama mlango unaohitaji mafuta. Nilimuuliza dada kwa nini. Akasema mimi nikiinua wimbo nakimbia nao, sigeuki kutazama kama wenzangu wamefika. Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Kesho yake niliikunja kapulana ya kikundi, nikairudisha mlangoni kwake bila kuingia ndani, na wiki hiyo hiyo nikapiga magoti na kikundi cha juu.

Wa juu walinipokea vizuri mno. Walijua wamepata nini. Vikundi vyetu vilikuwa na desturi ya kurushiana nyimbo za mafumbo. Mkikutana kwenye harusi moja, hawa wanatupa dongo, wale wanalijibu papo hapo, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kikundi kisichojibu kimeshindwa. Ikakaribia harusi moja kubwa, ya mvuvi wa kisiwa cha Rongui aliyekuwa anaoa mjini, na wenzangu wapya wakaniuliza kama sina chochote cha kumfumbia dada yangu. Nilikuwa nacho.

Chini ya kitanda chake dada alikuwa na sanduku la bati. Mimba zake tatu ziliharibika, mume akamwacha, yeye akabaki na nguo alizokuwa ameziandaa: vishati, soksi za kufuma, na kofia tatu ndogo alizozidarizi mwenyewe. Alinionyesha mara moja tu, mchana mmoja nilipokuwa bado msichana, kisha akalifunga na hatukulizungumza tena. Hakuna mwingine aliyejua. Nilitunga wimbo wa beti kadhaa kwa siku mbili, nikichambua mchele, na wa kwanza ulikuwa huu:

Fungua sanduku tuone,
kofia hii ya nani?
Mwenyewe hajaja, mwenyewe haji,
fungua tuone.

Kiitikio chake kilikuwa ni "tuone, tuone" tu. Nilikifanya chepesi makusudi, ili hata watoto wakishike.

Niliuinua mwenyewe alasiri ya harusi, mbele ya watu. Wengi hawakujua maana yake, walicheka kwa sababu ulikuwa na mwendo mzuri wa kuchezea. Wanawake wa chini wote walimgeukia dada, wakimngoja ainue jibu. Hakuinua. Alisimama katikati ya wimbo, akakung'uta vumbi magotini, akapita kati ya watu na kwenda zake nyumbani. Sisi tukashangiliwa. Mwaka mzima wimbo ule uliimbwa kisimani na sokoni, na wanaopika na kusafisha huko kwenye kambi ya gesi ya Afungi waliuimba kwenye gari la kuwapeleka kazini. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba siku ya Idi, kisha nikasema Idi ijayo, na miaka ikawa sita. Tulikuwa tukikutana njiani tunasalimiana, "Hujambo", "Sijambo", tunapitana.

Vita ikaja ikatutawanya. Sitaieleza hapa. Wengi wameieleza, na mimi nikiieleza silali. Dada alikimbilia upande wa Namoto, mimi nikaishia kusini, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai. Tuliporudi Palma, kila mtu kwa wakati wake, kikundi cha juu kilikuwa kimebaki na watu watano, cha chini wanne na matari mawili.

Mimi nilirudi mzima wa mwili, lakini mikono ilikuwa ikinitetemeka hata kumimina chai ilikuwa kazi. Mlango ukigongwa kwa nguvu nilijikuta nimelala sakafuni. Nilipewa vidonge, nikavimeza vyote, nikabaki vile vile. Kifua kilikuwa kimebana mchana na usiku, na sikuwa na hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu. Nilikuwa nikikasirika hata na kuku.

Katika kikundi cha chini kulikuwa na bibi mmoja, mpiga tari, ambaye wanawe wawili hawakurudi. Huyo ndiye aliyetuita sote tisa nyumbani kwake. Alisema vikundi viwili havitoki tena, lakini mstari mmoja unaweza kutoka. Nilikwenda nikiwa na hofu. Dada alikuwa upande mmoja wa mkeka, nami nikapiga magoti upande mwingine kabisa. Katikati yetu walikuwepo watu saba, akiwamo yule jirani mwenye sauti ya mlango, ambaye alinikaribisha kwa kunigusa mgongo kana kwamba sijawahi kumsema vibaya maishani mwangu.

Dada akainua kasida ya zamani. Ukiimba na watu huwezi kuvuta pumzi unapotaka wewe, unavuta wanapovuta na kushusha wanaposhusha. Kasida haijafika nusu, kifua changu kilikuwa kimelegea chenyewe. Yule bibi alikuwa akilia huku anaimba, na wimbo haukukatika, maana pale alipokwama yeye tulikuwapo sisi. Baadaye tulicheka, sikumbuki kwa sababu gani, nadhani jirani alipaliwa. Nilirudi nyumbani nikala sahani nzima ya wali na samaki, nikalala mpaka alfajiri. Wataalamu watakuwa na maelezo yao. Mimi najua kwamba nilikwenda pale mgonjwa, na baada ya mwezi mmoja wa kuimba kila alasiri nilikuwa namimina chai bila kumwaga.

Tulikubaliana jambo moja siku ile ya kwanza: nyimbo za mafumbo zimekwisha, hakuna kuziinua tena. Hakuna aliyeutaja wangu, lakini nilijua wote wanaufikiria. Nilikuwa nikijisogeza mkekani kidogo kidogo, leo nafasi moja, wiki ijayo nyingine, mpaka nikafika kupiga magoti karibu na dada. Hakunisogelea, wala hakunikimbia. Nilipanga nimwombe radhi Ramadhani ikianza, na safari hii nilikuwa nimedhamiria kweli. Kabla mwezi haujaandama, dada akapigwa na kiharusi akiwa anafua.

Upande wa kulia ulilegea wote na ulimi ukafungwa. Nilimchukua nikamweka kwangu, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Alikuwa anaelewa kila kitu, nililiona hilo machoni, lakini akifumbua mdomo hutoka "ta, ta, ta" na hapo hapo machozi yanamlenga. Enfermera wa hospitali, muuguzi msichana mwenye Kireno kingi na huruma nyingi, aliuliza mgonjwa alipenda nini kabla ya kuugua. Nikasema kuimba.

"Então, basi mwimbieni," akasema. "Lakini wote kwa pamoja, mama, siyo wewe peke yako. Wapo wanaopoteza maneno, halafu wanayakuta kwenye wimbo."

Mimi nilivyo, nilijaribu peke yangu kwanza. Siku nne niliimba kando ya kitanda, na siku nne dada alitazama ukuta. Siku ya tano nikawaita wenzetu. Walipanga mstari barazani, nasi tukamkalisha dada kitini, mbele yao. Jirani ndiye aliyeinua, kwa sauti yake ile ile, na kwa mara ya kwanza sikuona kasoro yake. Dada akaguna kwa kufuatisha. Baada ya wiki mbili midomo ilikuwa inacheza. Mkono wa kushoto ukaanza kupiga pigo juu ya goti, hajakosea hata moja.

Alasiri moja tulikuwa tumepumzika, watu wanakunywa maji, na dada akainua wimbo mwenyewe. Mdomo ulikuwa unafunguka upande mmoja tu, lakini sauti ilikuwa nene kama zamani. Fungua sanduku tuone, kofia hii ya nani. Yalitoka maneno yote, moja baada ya jingine, hakuna lililokatika. Mwenyewe hajaja, mwenyewe haji. Alifika mwisho wa ubeti, akasubiri.

Mpiga tari mmoja aliliweka tari lake chini. Hakuna aliyenitazama, na heri wangenitazama. Tulikuwa tumeapa kutouimba, na sharti nalo lilikuwa palepale, kwamba aliyeinua haachwi peke yake. Yule bibi ndiye aliyeitikia wa kwanza: tuone, tuone. Wakafuata wengine. Nami nikaitikia. Nilikuwa nimeyatunga mwenyewe maneno yale mawili, na ilibidi nishike nguzo ya baraza ndipo yanitoke.

Dada alikuwa anaujua wote. Harusini aliondoka beti za mwisho hazijaimbwa, kwa hiyo alizisikia kisimani na sokoni, vinywani mwa watu, mwaka mzima, mpaka zikakaa. Miaka ile yote nilikuwa nikijiambia kwamba hakuwa akisikiliza.

Kuanzia siku ile maneno yakaanza kumtoka hata bila wimbo. La kwanza lilikuwa "fungua", alipotaka dirisha lifunguliwe. La pili lilikuwa "kofia". Alilisema alipomwona mtoto mchanga wa nyumba ya pili, akalirudia mara tatu huku akinyoosha mkono ambebe. Nilitoka nje. Enfermera alipokuja alifurahi sana, akasema tusiubadilishe wimbo huo kwa kuwa unafanya kazi. Hakuuliza unasema nini na hakuna aliyemweleza. Basi ukawa ndio wimbo wetu wa kufungulia kila alasiri, na dada akazidi kupata nafuu. Akawa anakula vizuri. Akawa anacheka. Wenzangu waliokuja kumponya walikuwa wanapona nao. Hata yule bibi alianza tena kupaka msiro.

Asubuhi moja nikimwosha miguu nilimwomba radhi. Nilimwambia yote, nikamwambia najua nilichofanya, na kwamba yeye ndiye aliyeniamini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso. Nikajiambia hana neno la kunijibia. Hapo nikapata wazo ambalo nililiona ni la busara: kama maneno yanamjia kwa wimbo, basi nami nitalitia hilo neno ndani ya wimbo. Nikatunga ubeti mwingine, kwa sauti ile ile:

Funga sanduku tukae,
mdogo wangu kakosa,
ya jana nimeyaacha,
nimemsamehe.

Niliwaimbia wenzangu kwanza. Yule bibi akaniuliza, "Mwanangu, hilo neno unalitaka litoke kwake, au unataka kulisikia tu?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema dada ni mgonjwa, maneno hana, mimi nampa. Nilisema wengine wanapenda kuona watu wanaungua. Bibi hakukasirika. Akasema haya, ukiuinua tutaitikia, kwani ndivyo tunavyofanya.

Niliuinua siku ile na siku zilizofuata. Dada aliimba beti zote za mwanzo, na ulipofika ubeti wangu mpya alifunga mdomo. Nilimuuliza enfermera. Akaeleza kwamba maneno ya zamani hurudi kwa urahisi, mapya huwa magumu, nisimchoshe. Maelezo hayo yalinifariji mno. Nilikaa nayo wiki nyingi. Nikimlisha uji nilikuwa nikisema moyoni, angesema, angeshasema zamani, ni ugonjwa tu unaomzuia. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Niliushukuru ugonjwa wa dada yangu.

Kisha mjukuu wa yule bibi akachumbiwa, na wenzangu wakatunga wimbo mpya wa bibi harusi, beti tatu, maneno ambayo hayakuwahi kuimbwa popote kabla ya wiki ile. Waliufanyia mazoezi barazani kwangu ili dada achangamke. Siku ya tatu nilikuwa natoka jikoni na sinia la vikombe, nikasikia sauti nene ikiimba beti zote tatu, neno kwa neno. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani alimkumbatia dada huku analia. Niliweka sinia chini taratibu. Dada alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaweza maneno mapya. Alikuwa akiyaweza muda wote ule.

Mtu mwenye akili angekomea hapo. Mimi kesho yake alasiri, watu wamepanga mstari, nikauinua ubeti wangu tena, na hadi leo sijui kama nilikuwa naomba au nilikuwa nagombana. Nilifika kwenye "mdogo wangu kakosa", dada akanyanyua mkono wake mzima. Nikanyamaza.

"Wewe," akasema. Akapumua, akawa analitafuta neno, shingo imekaza. Hakuna aliyemsaidia. "Wewe usiimbe."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na haikutoka kwenye wimbo wowote. Miezi saba tulikuwa tumeiombea dua sentensi hiyo. Jirani alianza kigelegele, akakikata katikati, akajiziba mdomo kwa kapulana. Dada alikuwa anahema, uso umemlowa jasho, lakini macho yalikuwa makavu. Nikasema ndiyo, dada. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba.

Jioni ile bibi alinifuata, akasema wanaweza kuongea na dada, ni mgonjwa, na mgonjwa husema mengi. Nikamkataza. Nilimwambia dada amesema alichotaka, na ni mimi niliyetaka aseme. Zamani nilipokikasirikia kikundi hiki nilihamia kile. Sasa hakuna kile, tumeshakuwa mstari mmoja.

Kwa hiyo kila alasiri wakija nawatandikia mkeka, namkalisha dada kitini, namfunika miguu, kisha naenda nyuma kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi ya usiku. Nawasikia wote tangu mwanzo. Wakivuta pumzi nami navuta, wakishusha nashusha, mdomo nimeufunga. Haitoshi. Kifua kimeanza tena kubana, na chai namwaga kama zamani. Siku hizi dada anasema mambo mengi. Anataka kujua samaki amenunuliwa kwa nani, anamtania jirani kuhusu sauti yake, anamsomea dua bibi. Mimi ninapomwogesha asubuhi ananiambia "asante", kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Juzi enfermera alipita kumwangalia. Akamwuliza maswali, dada akajibu yote, msichana wa watu akapiga makofi. Wakati namsindikiza hadi barabarani alinishika mkono, akasema ulimi umerudi kuliko alivyotarajia, na tafadhali tusiache kuimba hata siku moja. Nikamwambia hawataacha.